Kinanda cha Eda

Mama mkwe wangu, Bi Shinuna, kafariki mwezi uliopita, Mungu amrehemu, nami nikatoka Amerat kwenda kukaa matanga kwa binti yake Rahma, mtaa wa Mabela, humu humu Oman. Njia ile siku hizi, kwa magari yalivyojazana, unaweza kuondoka kijana ukafika mzee. Mie niliondoka mzee, kwa hivyo sikupoteza kitu. Nasema mama mkwe, ijapokuwa ukwe wetu ulikatika zamani, miaka arobaini na ushei, na baada ya hapo nimeolewa kwengine, nimezaa sita, na wajukuu siwajui tena majina, kila anayepita mbele yangu nampa peremende. Lakini mtu uliyekaa eda ndani ya nyumba yake humwiti jina jengine. Basi tumekaa ukumbini, wanawake kama elfu mbili, ukumbi wenyewe unachukua thelathini, kila mtu na juzuu yake mkononi, kimya, mara simu ya binti mmoja ikalia. Na si mlio wa simu. Ni muziki, ile besi nene ya kinanda cha umeme, inatembea kama mtu mnene anayeshuka ngazi, na makofi ya mashine juu yake. Binti wa watu kaingiza mkono mkobani, katoa miwani, katoa funguo, katoa soksi ya mtoto, simu haipatikani. Wenzangu wote wameinamia juzuu zao. Mie mguu wangu, huu mbovu ambao daktari kaukatia tamaa, ukagonga sakafu mara tano. Rahma, mwenye nyumba, aliyekuwa wifi yangu, kaniona. Kaniinamia sikioni.

"Thureya, we hujaacha tu?"

"Mie nimeacha zamani," nikamwambia. "Mguu ndio haujaacha."

Hapo hapo, juzuu mapajani, nikarudi mwaka ule. Nilikuwa na miaka ishirini na ndoa ya miezi saba. Mume wangu Nassor, kaka yake Rahma, alikuwa mtu wa bandarini asubuhi na mtu wa bendi jioni, akipiga kwenye harusi za jamaa zetu Waswahili, na Matrah wakati ule watu wakioana kama wanaogopa ndoa zitakwisha dukani. Bendi yao ilikuwa watu kumi na mbili: udi, fidla tatu, ganuni, ngoma, na mzee mmoja ambaye hakuna aliyejua anapiga nini lakini alikuwa hakosi kuja. Kisha, mie sijaolewa bado, zikaanza kuingia kanda za muziki wa fanki kutoka Marekani, zikipitia Kuwait na Dubai. Katika kanda zile gitaa la besi limefukuzwa kazi. Besi inapigwa na kinanda, tarumbeta inapigwa na kinanda, makofi yanapigwa na kinanda, na mwimbaji mwenyewe kaweka mpira kama wa maji mdomoni, sauti inapitia humo, anaimba kama jini aliyemeza redio. Nassor alipoisikia mara ya mwanzo alikaa chini barabarani. Wallahi alikaa, gari zikamzunguka. Wiki ya pili kenda Dubai, karudi na kinanda cha umeme na spika kubwa kama friji, akakitia kwenye nyimbo zetu za kizamani, maneno yale yale ya bibi zetu, na chini yake ile besi ya Marekani. Bibi waliokuwa wakisaidiwa kuinuka kitini wakawa wanasaidiwa kukaa. Haukwisha mwaka, fidla tatu zikawa moja, na mpigaji wa hiyo moja alikuwa akipewa biriani ili atulie.

Nassor alikuwa na kidole kibovu, cha kati, mkono wa kushoto, kilibanwa na mlango wa gari utotoni kikawa hakikunjiki. Na alikuwa na mdundo wake mmoja wa besi anaoupenda kuliko mie, noti tano, na ile ya nne ilikuwa lazima ichelewe kidogo mpaka kidole kile kifike. Tu, tu, tu... tu, tu. Wenzake wakimcheka, yeye akiwaambia, "Kidole changu Mswahili, kitafika." Nyumbani mamake hakutaka kusikia muziki hata wa redio, kwa hivyo chumbani alikuwa akipiga na hedfoni masikioni, makubwa kama vikombe vya uji. Ukiuchomeka waya wa hedfoni, spika inanyamaza, yeye peke yake ndiye anayesikia. Mie nikijilaza ubavuni mwake nikisikia vitufe tu: tak, tak, tak... tak, tak. Alitaka kunifundisha, nami nikimcheka, nikimwambia vidole vyangu vya kupikia mkate wa ufuta. Kisha gari yake ikapinduka njia ya Sohar, ikawa basi. Hapa sina mzaha. Miaka yote nimetafuta mzaha wa kutia hapa, sijaupata.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, humo humo katika chumba chetu cha ghorofani, nyumbani kwa Bi Shinuna. Nguo moja ya rangi ya vumbi, wanja hapana, hina hapana, udi hapana, mafuta mazuri hapana. Kioo Bi Shinuna alikifunika shuka. Dirisha lilikuwa na vyuma, na mbele yake ukuta wa jirani, karibu hata ungeweza kuupiga busu. Nikaujua ukuta ule kuliko ninavyowajua wanangu. Ulikuwa na ufa kama ramani ya Unguja, nami nikikaa nikitembea ndani ya ufa, natoka Mkunazini, napita Darajani, nafika mpaka Bububu, halafu naitwa kula. Eesii ilikuwa ikinguruma kama trekta na ikitoa upepo kama mdomo wa paka. Chakula kikija kwa sinia: wali, mchuzi wa papa, tende, kesho tena wali, mchuzi wa papa, tende. Kwa mwezi wa pili nilikuwa nimekula papa wengi hata nikaogopa kuoga. Wanawake wakija kunipa pole, wakikaa, wakinitazama, wakisema "mdogo masikini," kisha wakizungumza bei ya dhahabu, wakiondoka. Na mlango ukifungwa. Haukufungwa kwa ufunguo, usije ukadhani. Ulifungwa kwa ada, na ada haina tundu la kuchungulia.

Watu siku hizi wananambia, lakini bibi, eda si ina mwisho. Ndiyo, ina mwisho, na mimi nilikuwa nikihesabu siku kwa kokwa za tende, nimezipanga dirishani, kila siku natoa moja. Lakini dirisha langu lilikuwa juu ya jiko, na jiko lile lilikuwa linapandisha moshi na maneno pamoja. Siku moja baada ya chakula cha mchana nikamsikia Khalfan, kaka mkubwa wa Nassor, anazungumza na mamake. Khalfan alikuwa na kazi ofisini Maskati, ndani ya ukuta wa mji, hajaoa na miaka arobaini imemkuta, kanzu yake imepigwa pasi hata ikiweza kwenda kazini peke yake. Aliamini muziki unaozesha meno.

"Mama, Thureya akimaliza eda nitamuoa mimi."

"Umemuuliza?"

"Aulizwe nini? Hana mtu hapa ila khalati yake mmoja, dadake mamake. Baba yake yuko Unguja, barua inakwenda kwa miguu. Atabaki hapa hapa, chumba kile kile. Nishaona na kabati."

Nasikia kijiko cha Bi Shinuna kinazunguka sufuriani. Nikasema, sasa atamkatalia. Kasema, "La milango mingapi?"

Nikahisi ukuta wa jirani umeingia ndani. Kumbe kokwa zangu zote zile nilikuwa nazihesabia mlango wa kuingilia, si wa kutokea. Na Khalfan hakuwa mtu wa maneno matupu. Kesho yake nikasikia kitu kinakwaruza nje. Kwa kuwa mie si maharimu wake, haruhusiwi kuniona, kaweka ngazi kichochoroni, kafumba macho kwa heshima, anapima upana wa dirisha kwa utepe ili ajue kabati likiwekwa hapo ndani litaliziba au halitaliziba. Mtu anapima kaburi langu huku kafumba macho. Nikatamani kuisukuma ngazi. Nikaogopa dhambi, na ngazi ilikuwa ya jirani.

Hapo ndipo nilipokitazama kinanda. Kilikuwa pembeni siku zote, na spika yake, kimefunikwa kanga, hakuna aliyethubutu kukigusa kwa kuwa cha marehemu. Nikakifunua. Nikayachukua hedfoni nikayaweka masikioni, na ile sponji yake ikanuka mafuta ya nywele ya Nassor. Mie niliyekatazwa kunukia, nimevaa harufu ya mume wangu kichwani. Nikakaa hivyo mpaka magharibi, sijapiga kitu, sijui kama ni dhambi au si dhambi, na sikuwa na wa kumuuliza. Siku ya pili nikawasha. Nikabonyeza kitufe kimoja cha chini, cha kushoto kabisa, na ile sauti haikuingia masikioni, iliingia tumboni, ikakaa, ikavua viatu. Fikiri wewe mwenyewe: ngoma ukiigusa jirani kajua, udi ukiugusa jirani kajua, hata ukipiga mluzi. Kitu kile kilikuwa cha mwanzo nilichokutana nacho ambacho unaweza kucheza harusi nzima kichwani mwako na nyumba haina khabari. Wamarekani walikitengeneza kwa ajili ya kudansi. Hawakujua kwamba wamemtengenezea mwanamke wa eda Matrah.

Kila siku baada ya alasiri, saa ya watu kulala, nikawa natafuta ule mdundo wa Nassor. Skuli mimi niliiona kwa nje, noti sizijui, lakini nilikuwa naujua mwendo wa vitufe kwa miezi saba ya kusikiliza. Ilinichukua siku tisa. Na nilipoupata nikaona haukukamilika, umenyooka mno, kama kanzu ya Khalfan. Nikakikaza kidole changu cha kati, nikakifanya kibovu. Tak, tak, tak... tak, tak. Nassor kaingia chumbani. Siwezi kukueleza vyengine. Sikulia siku zote za msiba kama nilivyolia siku ile, na vidole havikusimama.

Mara nikasikia mlangoni, "Thureya. Nini kinagonga humo?"

Nikayavua hedfoni, nikayatia chini ya mto, nikayakalia. "Tasbihi, mama. Navuta tasbihi."

Kivuli chake kikasimama chini ya mlango muda wa kutosha mtu kwenda Makka na kurudi. Kisha Bi Shinuna kasema, "Tasbihi yako ina mbio, mwanangu. Mungu hana haraka." Kaondoka. Tokea siku ile, kila akileta sinia, akibisha hodi mara mbili na kungoja kabla hajaingia, jambo asilowahi kulifanya nyumbani kwake mwenyewe. Mie nikasema amezeeka ghafla.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Mwezi wa tatu umekwisha, kokwa zangu zimebaki kama thelathini, kabati limeshafika, liko chini uani, milango mitatu, limefunikwa turubali. Siku ya Alkhamisi jamaa wakaja kumsomea marehemu khitma. Wanaume chini na Khalfan, wanawake juu, chumba cha pili kwangu. Mie nilikaa nao, nikasoma sehemu yangu, kichwa kikaniuma, nikaomba ruhusa nikalale. Na kweli nilitaka kulala. Lakini nilimsikia mwanamke mmoja anamnong'oneza mwenziwe, "Kabati zuri, umeliona? La bibi harusi," na usingizi wote ukanitoka. Nikafunga mlango, nikavaa hedfoni, nikasema napiga mara moja tu, nishushe moyo.

Nikapiga. Nikapiga tena. Nikajisogeza kitandani nikae vizuri, na lazima nilivuta waya, maana mara sauti ikakata. Masikioni kimya, kama mtu kaniziba kwa pamba. Mtu mwenye akili angetazama waya. Mie nikasema, kimeharibika, sauti imepungua. Nikakishika kile kifundo cha sauti nikakizungusha mpaka mwisho wake, nikapiga kwa nguvu. Sisikii kitu. Nikapiga kwa nguvu zaidi. Nikaona kokwa zangu za tende zinarukaruka dirishani, zinaanguka moja moja. Nikaona bilauri ya maji inatembea juu ya meza. Nikasema tetemeko la ardhi, ashhadu an la ilaha illallah, nikayavua hedfoni nikimbie, na hapo ndipo nilipousikia mdundo wa mume wangu, noti yake ya mwisho bado inazunguka nyumbani, katika spika ya kuchezesha watu mia tano, juu ya khitma yake mwenyewe. Wapo wanaoapa kwamba ilisikika mpaka mtaa wa Ruwi, punda wakalala chini.

Bi Shinuna kafungua mlango, safari hii bila ya hodi. Nyuma yake nyuso za wanawake, zimepangana kama sahani kabatini. Mmoja anasema subhanallah, na nyuma kabisa bibi mmoja mabega yanamcheza, hajui kama yanamcheza. Bi Shinuna kanitazama, kakitazama kinanda. Mdomo ulikuwa unamtetemeka, nikajua ni hasira. Kachomoa waya wa umeme ukutani, kasema, "Rudini msome," kafunga.

Kisha nikamsikia Khalfan chini, mbele ya wanaume wote, sauti imempasuka. "Mwanamke anayepiga fanki juu ya khitma ya ndugu yangu, mimi simtaki. Jamaa mniwie mashahidi. Simtaki." Sikufurahi, usidhani. Nilikaa sakafuni naokota kokwa, nasema nimemfedhehesha Nassor, nimefedhehesha nyumba, sasa nitakufa humu humu na hata kabati sina. Baada ya wiki dirisha la jiko likaleta maneno mengine. Khalfan kapoa. "Mama, kijana yule, ni ujinga tu, naweza kumsamehe." Na Bi Shinuna, kijiko kinazunguka sufuriani: "Umemkataa mbele ya wanaume arobaini. Neno la mwanamme ni moja. Kabati lirudishe."

Kokwa ya mwisho ilipotoka nikaoga, nikavaa nguo nyeupe, na Bi Shinuna kanifukiza udi kwa mkono wake, taratibu, mpaka ndani ya nywele. Khalati yangu kaja kunichukua. Nikageuka mlangoni nimwombe radhi, kanikata kauli. "Spika wamechukua wenzake Nassor. Kinanda nimekitupa wadini, kule mto mkavu. Nenda, mwanangu." Nikaenda. Nikajua nimefukuzwa. Miaka yote hiyo nikenda kumwamkia sikukuu, nakaa ncha ya kiti, nakunywa kahawa, natoka. Hata nilipojitafutia kinanda changu, nikawa napiga harusi za wanawake mji mzima, nilimwomba Rahma asimtajie. Na nimefundisha wasichana, nusu ya Oman nimefundisha mimi, na kila mmoja nimempa mdundo ule, na wote wanachelewa noti ya nne, pale pale, hawajui kwa nini. Wanadhani ndiyo fanki yenyewe ilivyo. Mmarekani akija hapa atadhani sisi tumekosea, kumbe ni mlango wa gari.

Siku ya tatu ya matanga, watu wamepungua, Rahma kaniita chumbani kwa marehemu. Kitanda, mswala, thamosi ya kahawa, hakuna zaidi. Kakaa kitandani.

"Mama alikuwa mtu wa ibada sana mwishoni," kasema. "Kila siku baada ya alasiri akijifungia. Tukipita tukisikia tasbihi yake, tak tak tak, saa nzima."

Nikakaa karibu yake. "Ikienda vipi, hiyo tasbihi?"

Rahma kanishangaa, lakini kachukua kijiko kagonga thamosi. Tak, tak, tak. Kangoja. Tak, tak.

"Ikisita kidogo katikati," kasema. "Tukidhani vidole vimezeeka."

Akainama, akakitoa chini ya kitanda, kimefunikwa kanga ile ile, rangi imekwisha. Vitufe vyote vyeupe kama vipya, ila vitano vya kushoto, vimelika, vimeingia shimo kama ngazi za msikiti. Na hedfoni, sponji zake zimebadilishwa, nadhani mara nyingi. Mimi niliusikiliza mdundo ule ubavuni mwa Nassor miezi saba. Yule mama aliusikiliza ukutani toka Nassor alipokileta kinanda nyumbani, akaja akausikia tena kwangu, akasimama mlangoni, akaniambia Mungu hana haraka. Miaka arobaini nimekaa ncha ya kiti mbele ya mtu tuliyefungwa naye chumba kimoja, kila mmoja na hedfoni zake.

Ukumbini walikuwa wameanza kusoma tena. Rahma kachomeka umeme, taa nyekundu ikawaka. Kanivisha hedfoni mwenyewe. Nikaangalia waya, nikauangalia tena, nikauangalia mara ya tatu.

"Piga," kasema, na kakibana kichwa cha waya kwa dole gumba, kakikandamiza ndani kwa nguvu zake zote. "Nimekishika."